Vita vya Vietnam: anzia Hanoi, Cu Chi iwe ya mwisho

Ziara ya vita vya Vietnam inayouzwa zaidi ni ya siku moja. Basi linakuchukua asubuhi katikati ya Jiji la Ho Chi Minh, ambalo wenyeji wengi bado wanaliita Saigon, linakupeleka kwenye mahandaki ya vita ya Cu Chi. Unatambaa mita chache chini ya ardhi, ukitaka unalipia risasi kumi za AK-47, unarudi mjini kula, na alasiri unamalizia Makumbusho ya Masalia ya Vita. Kwa picha inatosha. Kwa kuelewa, ni sawa na kufika msibani siku ya arobaini ndipo uulize marehemu aliugua nini. Mahandaki ya kwanza ya Cu Chi yalichimbwa mwaka 1948, na waliochimba hawakuwa wakijificha Wamarekani. Walikuwa wakijificha Wafaransa.

Tathmini hii inayapima maeneo ya vita kwa swali moja tu: je, mahali hapa panamwonyesha mgeni jinsi koloni lililodai uhuru wake kwa Ufaransa lilivyojikuta kwenye vita vya dunia nzima kuhusu ukomunisti? Kwa kipimo hicho ratiba nzuri inaanzia kaskazini na kuteremka kusini, siku tisa au kumi, Cu Chi ikiwa ya mwisho. Nauli inaongezeka, lakini viingilio havitakuumiza: sehemu moja moja haifiki dola 6 za Marekani.

Kwanza mambo ya safari. Tangu Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja na dola 50 kwa kuingia mara nyingi. Iombe kwenye tovuti ya serikali, maana kuna tovuti za watu binafsi zinazofanana nayo na kutoza mara mbili au tatu. Kinachowaponza watu wa kwetu wenye majina matatu ni mpangilio wa majina: yaandike kama yalivyo kwenye pasi, bila kuruka hata moja. Kata tiketi ya kuingilia Hanoi na kutokea Saigon, usirudi ulikotoka. Laini ya simu nunua ya Viettel, inashika hata kwenye milima ya kaskazini magharibi. Ni kampuni ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam, ndiyo hiyo hiyo iliyotuletea Halotel Tanzania na Lumitel Burundi mwaka 2015.

Gereza la Hoa Lo, Hanoi

Hapa ndipo pa kuanzia, na ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko unavyoambiwa. Vijitabu vya utalii vinasema saa moja. Tenga saa tatu.

Wafaransa walianza kulijenga mwaka 1896, wakaondoa kijiji cha wafinyanzi waliokuwa wakitengeneza majiko ya udongo. Jina Hoa Lo, yaani jiko la moto, limebaki kutoka kwao. Sehemu kubwa ya gereza ilibomolewa miaka ya 1990 kupisha maghorofa, kwa hiyo unachokiona ni kipande tu cha upande mmoja, lakini kipande chenyewe kimehifadhiwa vizuri. Kwenye chumba cha pamoja kuna jukwaa la saruji kila upande, na kwenye ukingo wake mguu wa kila mfungwa ulifungwa kwenye pingu za mstari mmoja. Vyumba vya adhabu vina sakafu iliyoinamishwa kusudi ili mtu asipate kulala sawasawa. Mwishoni kabisa kuna mashine ya kukatia vichwa.

Wageni wengi hupita hapo haraka wakiharakia vyumba vya marubani wa Marekani. Usifanye hivyo, kwa sababu jibu la swali letu linaanzia kwenye pingu zile. Mwaka 1930 chama kikubwa cha wazalendo cha VNQDD, ambacho hakikuwa cha kikomunisti, kilianzisha uasi wa askari kule Yen Bai. Uasi ukazimwa, na kiongozi wake Nguyen Thai Hoc akakatwa kichwa pamoja na wenzake 12 mwezi Juni mwaka ule. Chama kile hakikupata tena nguvu ya zamani ndani ya nchi. Chama cha Kikomunisti, kilichoanzishwa Hong Kong mwaka ule ule wa 1930, nacho kilipigwa vibaya, lakini kilikuwa kimejengwa kwa vikundi vidogo visivyojuana, na wanachama wake waliofungwa waligeuza gereza kuwa shule. Walifundishana kusoma, wakafundishana nadharia, wakanakili magazeti kwa mkono. Truong Chinh, Le Duan, Nguyen Van Linh na Do Muoi, wote waliokuja kuwa makatibu wakuu wa chama, walipita humu. Mkoloni aliwafyeka wapinzani wa aina zote bila kubagua, na aliyebaki amesimama ni yule aliyejua kuishi gizani. Ukishaliona hilo, hutauliza tena kwa nini uhuru wa Vietnam ulibebwa na wakomunisti na si na watu wengine.

Uani kuna mti mmoja wa kuangalia kwa makini: mkungu, ule ule wa pwani yetu wenye majani mapana yanayogeuka mekundu. Wafungwa walitafuna majani yake machanga na kuchemsha magome kutibu kuhara damu, na matawi yaliyoanguka waliyachonga filimbi na mabomba ya tumbaku.

Sasa vyumba vya marubani. Picha zinaonyesha Wamarekani wakicheza mpira wa kikapu, wakipamba mti wa Krismasi, wakila vizuri. Kuna na vazi la rubani linaloelezwa kuwa la John McCain, aliyetunguliwa na kuangukia ziwa Truc Bach Oktoba 1967. McCain na wenzake walieleza baadaye kwamba walifungwa kamba, wakapigwa na kuwekwa peke yao kwa miaka. Hayo hayapo ukutani. Makumbusho yanayoeleza mateso ya Mfaransa kwa ufasaha namna hii yanapoteza heshima kwa kunyamazia yale yaliyofanyika kwenye jengo lile lile miaka 15 baadaye. Hata hivyo, kwa nusu ya kwanza, ile ya Wafaransa, hakuna sehemu nyingine Vietnam inayoifikia Hoa Lo.

Chukua mwongozo wa sauti wa kuvaa masikioni, maandishi ya ukutani peke yake ni mafupi mno. Nenda saa mbili asubuhi linapofunguliwa. Kuanzia saa nne ukumbi unajaa vikundi, na vyumba ni vyembamba.

Ba Dinh, kwa haraka

Uwanja wa Ba Dinh hauhitaji zaidi ya asubuhi moja. Hapo ndipo Ho Chi Minh, kiongozi wa wakomunisti, alipotangaza uhuru tarehe 2 Septemba 1945, na maneno yake ya kwanza aliyachukua kwenye Azimio la Uhuru la Marekani. Hakuwa anajipendekeza tu. Majira ya joto ya mwaka ule ule kikosi cha upelelezi cha Marekani kiliruka kwa miavuli kwenye kambi yake msituni, kikawapa watu wake mafunzo na silaha dhidi ya Wajapani, na tabibu wa kikosi akamtibu yeye mwenyewe. Baadaye alimwandikia Rais Truman barua akiomba nchi yake itambuliwe. Hakujibiwa. Wakati huo kaskazini ilikuwa bado inazika watu wa njaa kubwa ya 1944 na 1945, iliyoua baina ya watu milioni moja na mbili kwa makadirio yaliyozoeleka, huku mchele ukikusanywa kwa nguvu kwa ajili ya jeshi la Japani. Viet Minh, jeshi la kupigania uhuru la Ho Chi Minh, walivunja maghala na kugawa mchele. Mkulima aliyepata kibaba cha mchele siku ile hakuuliza kama mgawaji amesoma Marx.

Kaburi la Ho Chi Minh hufunguliwa asubuhi tu, hufungwa Jumatatu na Ijumaa, na kila mwaka hufungwa kwa wiki kadhaa za matengenezo, hivyo ulizia kwanza. Mabega na magoti yafunikwe. Mikono usiitie mfukoni, walinzi watakukemea.

Mwaka 1950, usioonekana ukutani

Kuna pengo moja ambalo hakuna makumbusho yanayoliziba, na bila kulielewa utafika Dien Bien Phu, bonde ambako Ufaransa ilishindwa mwaka 1954, ukiwa umepotea. Vita vya Ufaransa na Viet Minh vilipamba moto Hanoi tarehe 19 Desemba 1946, mwezi mmoja baada ya manowari za Ufaransa kuupiga mji wa bandari wa Haiphong. Kwa miaka mitatu vilikuwa vita vya ukoloni, kama vya mahali pengine popote: mtawala anataka kurudi, mwenyeji hataki. Marekani haikufurahishwa na ukoloni, lakini iliihitaji Ufaransa Ulaya, ikatazama pembeni.

Oktoba 1949 Mao alishinda China, na majeshi yake yakafika mpaka wa kaskazini wa Vietnam. Tarehe 18 Januari 1950 China iliitambua serikali ya Ho Chi Minh, Urusi ya Stalin ikafuata mwisho wa mwezi. Tarehe 7 Februari Marekani na Uingereza zikaitambua serikali ya mfalme Bao Dai, iliyokuwa chini ya Ufaransa. Mei Marekani ikatangaza msaada, na Juni vita vya Korea vikalipuka. Kwa hiyo ndani ya miezi mitano vita vile vile, kwenye mashamba yale yale ya mpunga, vilibadilika jina. Ufaransa ikajifunza haraka kwamba ikiomba fedha za kulinda koloni haipewi, ikiomba za kuzuia ukomunisti inapewa. Kufikia 1954 Marekani ilikuwa inabeba karibu asilimia 80 ya gharama. Upande wa pili, Viet Minh walioanza na bunduki za kuokoteza walipata mizinga, washauri na kambi za mafunzo ng'ambo ya mpaka.

Makumbusho mapya ya Historia ya Kijeshi, yaliyofunguliwa Novemba 2024 nje kidogo ya Hanoi, ni makubwa na yana vitu halisi, mathalani ndege ya MiG-21 na kifaru nambari 843 kilichofika langoni kwa Rais wa Saigon mwaka 1975. Lakini hata huko Mchina hapewi nafasi inayolingana na mchango wake. Nchi hizo mbili zilipigana zenyewe Februari 1979, na kidonda hicho bado kinaonekana kwenye maonyesho.

Dien Bien Phu

Watu hupaacha kwa sababu ni mbali. Kwa barabara kutoka Hanoi ni zaidi ya kilomita 450 za milima, usiku mzima kwenye basi la vitanda, na mwenye kichefuchefu atajuta. Kwa ndege ni kama saa moja. Uwanja ulipanuliwa na kufunguliwa tena Desemba 2023, sasa unapokea ndege kubwa kidogo, ila ukungu wa asubuhi huahirisha safari, hivyo usipange kuunganisha ndege nyingine siku hiyo hiyo. Lala usiku mbili.

Anzia kilimani, siyo kwenye makumbusho. Kilima A1 kiko katikati ya mji, na ukisimama juu unaliona bonde zima na kosa zima la Wafaransa. Novemba 1953 walishusha askari kwa miavuli, wakatengeneza upya uwanja wa zamani wa ndege kwenye bonde lililozungukwa na milima, wakitumaini kila kitu kitaletwa kwa ndege. Hesabu yao ilikuwa kwamba adui hawezi kupandisha mizinga mizito milimani, na akipandisha atanyamazishwa na mizinga yao. Jenerali Vo Nguyen Giap alikuwa tayari kushambulia Januari 1954, akaahirisha usiku wa kuamkia shambulio, akaamuru mizinga iburutwe kwa kamba kurudi nyuma, kisha ichimbiwe upya. Kila mzinga uliwekwa ndani ya pango la kuchimbwa kwenye mteremko unaotazama bonde, mdomo tu ukitokeza. Mapigano yalianza 13 Machi. Siku mbili baadaye kamanda wa mizinga wa Ufaransa, Kanali Piroth, alijiua kwa guruneti. Kufikia mwisho wa Machi hakuna ndege iliyoweza kutua tena.

Juu ya A1 kuna shimo kubwa mfano wa kinywa cha volkano. Hilo ni la baruti. Viet Minh walichimba njia ya chini yenye urefu wa karibu mita 50 kutoka mtaro wao hadi chini ya ngome, wakapakia karibu kilo 1,000 za vilipuzi, wakalipua usiku wa 6 Mei. Kesho yake jioni ngome nzima ilianguka, na wanajeshi zaidi ya 10,000 wakatekwa.

Chini ya kilima kuna makaburi 644 ya askari wa Kivietnam. Manne tu yalikuwa na majina.

Halafu ndiyo uende kwenye makumbusho. Baiskeli za wapagazi zitazame kwa karibu, kwa sababu picha hazionyeshi ufundi wake. Usukani umefungiwa fito ya mwanzi inayotokeza pembeni karibu mita moja, ili msukumaji aongoze huku akitembea kando ya mzigo. Fito ya pili imesimamishwa nyuma ya kiti, ya kusukumia na kuzuilia kwenye mteremko. Fremu imeongezewa vyuma au miti, na mipira ya magurudumu imeviringishiwa vitambaa isipasuke. Hapandi mtu, ni toroli ya magurudumu mawili inayopita mahali ambapo lori halipiti. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 200 hivi, na wapo waliovuka 300. Ugumu wake ulikuwa kwenye chakula: mpagazi naye hula njiani, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo mchele mwingi unavyoishia tumboni mwa wabebaji kabla ya kufika kwa askari. Ndiyo maana wapagazi walihitajika kwa malaki.

Ghorofani kuna mchoro wa duara unaokuzunguka pande zote, urefu wake mita 132. Simama katikati, tazama kwanza bila mwongozaji. Ni kazi kubwa na ina moyo.

Makumbusho yanachokipitia juu juu ni nani hasa alikuwa ndani ya ngome ile. Wengi hawakuwa Wafaransa wa Ufaransa: kulikuwa na askari wa kigeni wa kulipwa, Wamoroko, Waaljeria, watu wa Afrika Magharibi, watu wa kabila la Tai na Wavietnam wenyewe. Kwa msomaji wa Kiafrika hilo ni jambo zito. Bonde lilianguka 7 Mei 1954, na Algeria ilianza vita vyake vya uhuru 1 Novemba mwaka huo huo. Tarehe 24 Aprili, Giap akiwa bado anachimba mitaro, Waingereza walikuwa wameuzingira mji wa Nairobi wakikusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa msako dhidi ya Mau Mau. Habari za Dien Bien Phu zilisomwa na watu wenye sababu ya kuzisoma.

Daraja la Hien Luong

Panda treni Hanoi usiku, shuka Dong Ha mkoani Quang Tri, ukodi gari la siku nzima. Wengi huunganisha daraja hili na mahandaki ya Vinh Moc, na inafaa hivyo.

Kikao cha mataifa kule Geneva kilianza kujadili Indochina, yaani Vietnam na makoloni jirani ya Ufaransa, siku moja baada ya Dien Bien Phu kuanguka. Julai 1954 kiliigawa Vietnam kwenye latitudo ya 17, mstari wa kijeshi wa muda, na uchaguzi wa kuiunganisha ukapangwa Julai 1956. China na Urusi zilimsukuma Ho Chi Minh akubali mstari ulio kaskazini zaidi ya alivyotaka, maana zenyewe zilikuwa zinaogopa Marekani isije ikaingia. Marekani haikusaini. Ngo Dinh Diem, kiongozi mpya wa kusini, akakataa uchaguzi. Mstari wa muda ukawa mpaka, na hapo ndipo vita vya pili vilipozaliwa.

Daraja lenyewe ni fupi, mita 178 juu ya mto Ben Hai, na limejengwa upya kwa umbo la zamani. Hesabu mbao: upande wa kaskazini ni 450, wa kusini 444. Mwanzoni pande zote mbili zilishindana kwa urefu wa milingoti ya bendera, kila mmoja akiurefusha wake kumpita mwenzake, kisha kwa vipaza sauti vya kutangazia ng'ambo ya mto. Mlingoti wa kaskazini ulifika mita 38.6. Watu wa familia moja walitazamana kutoka kingo mbili kwa zaidi ya miaka kumi, bila risasi, wakingoja uchaguzi ambao haukuja. Makumbusho ya hapo ni madogo na maelezo yake ya Kiingereza ni duni. Mlipe mwongozaji, vinginevyo utaona daraja tu.

Vinh Moc iko ufukweni, kaskazini ya mstari. Kijiji kizima kilihamia chini ya ardhi kukwepa mabomu, ngazi tatu, ya chini kabisa zaidi ya mita 20, na watoto 17 walizaliwa humo. Mtu mrefu au mwenye mwili anafaa aje hapa kuliko Cu Chi: unatembea umeinama, hutambai. Sakafu huteleza, vaa viatu vya mpira wenye meno.

Saigon: jumba na makumbusho

Jumba la Uhuru, iliyokuwa ikulu ya marais wa kusini, ni la kizazi cha Diem na waliomfuata. Kwenye kiwanja hicho hicho lilisimama jumba la gavana wa Kifaransa. Marubani wawili wa jeshi la kusini walilipiga bomu Februari 1962 wakimlenga Diem, likajengwa upya. Ghorofa ya chini ya ardhi, yenye ramani na mitambo ya redio, ndiyo ya maana. Vifaru vilivyopo bustanini ni mfano tu wa vile vya 30 Aprili 1975.

Makumbusho ya Masalia ya Vita yalifunguliwa Septemba 1975 kwa jina lililotaja jinai za Marekani na vibaraka wake. Jina lililopo ni la 1995, mwaka ambao nchi hizo zilirudisha ubalozi. Panda moja kwa moja ghorofa ya juu, uone picha zilizopigwa na waandishi wa pande zote waliokufa vitani, halafu ushuke. Ukianzia chini, vyumba vya sumu ya kuangamiza misitu vitakumaliza nguvu kabla hujafika juu. Marekani ilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa hizo kati ya 1961 na 1971, na picha za watu walioathirika hazifai kwa watoto wadogo. Mwenye watoto aamue kabla ya kuingia.

Uani, karibu na mfano wa vizimba vya wafungwa vya kisiwa cha Con Dao, kuna mashine nyingine ya kukata vichwa. Ililetwa na Wafaransa. Serikali ya Diem iliendelea kuitumia hadi mwaka 1960, chini ya sheria ya 1959 iliyoruhusu mahakama za kijeshi kuua bila rufaa. Mwaka huo huo wa 1960, mwezi Desemba, ndipo chama cha ukombozi cha kusini kilipoundwa. Umeona ya Hoa Lo, sasa unaiona na hii. Aliyekuwa akisikia redioni kwamba anatetewa dhidi ya ukomunisti aliona kijijini kwake kisu kile kile cha mkoloni.

Lakini na haya yasemwe. Hakuna ukuta, kaskazini wala kusini, unaoeleza inavyostahili ugawaji wa ardhi wa 1953 hadi 1956, ambamo maelfu ya watu waliuawa kama makabaila, mpaka chama chenyewe kikakiri makosa mwaka 1956 na Truong Chinh akajiuzulu ukatibu mkuu. Mauaji ya raia wa Hue yaliyofanywa na wakomunisti mwaka 1968 hayapo. Kambi za kuelimishwa upya baada ya 1975, na malaki waliokimbia kwa mashua, hayapo. Watu karibu milioni moja, wengi Wakatoliki, walihama kaskazini kwenda kusini baada ya Geneva, na hawakuhamishwa na propaganda peke yake. Mgeni anayetegemea makumbusho haya tu atarudi na nusu ya habari, nusu ya kweli kabisa, lakini nusu.

Cu Chi

Kuna sehemu mbili. Ben Dinh iko karibu zaidi na mji, inapokea mabasi mengi, na njia zake zimepanuliwa kwa ajili ya wageni. Ben Duoc iko mbele zaidi, kama kilomita 70 kutoka katikati ya Saigon, na ni tulivu. Chagua Ben Duoc. Mawakala wengi huandika "Cu Chi" bila kutaja ipi, na ukinyamaza utapelekwa Ben Dinh. Uliza kabla ya kulipa.

Ndani ya handaki uingie nyuma ya mwongozaji, usiwe wa mwisho wa foleni, na uvae suruali ndefu. Kuna milango ya kutokea njiani, kwa hiyo unaweza kutoka mapema. Mwenye pumu, moyo au hofu ya mahali pembamba abaki juu, hakosi kitu kikubwa. Vilivyo juu ndivyo vinavyofundisha.

Cha kwanza ni jiko la Hoang Cam, lililopewa jina la mpishi wa jeshi aliyelibuni wakati wa vita na Ufaransa. Tatizo lilikuwa moshi, unaoonekana na ndege. Jiko linachimbwa chini, na nyuma yake moshi unapita kwenye mifereji kadhaa iliyofunikwa matawi na udongo mwembamba. Kila mfereji unaupunguza na kuupoza, hata ukitoka nje umetambaa juu ya nyasi kama umande. Udongo ukikauka unapasuka na moshi unapenya kwa nguvu, hivyo ulimwagiwa maji, na walipika alfajiri ukungu ukiwepo. Wamarekani walipofika miaka ya 1960, jiko lilikuwa limeshazoeleka jeshini. Halikadhalika mahandaki: kila kilichowashinda wao kilikuwa kimeshafanyiwa majaribio kwa Mfaransa.

Cha pili ni muhogo wa kuchemsha unaoletwa mezani na karanga zilizotwangwa, chumvi na sukari. Utaupenda. Ndio uliowaweka hai watu wa mahandakini, mchele ulipokosekana.

Uwanja wa kulenga shabaha uruke. Risasi zinauzwa kumi kumi kwa bei ya juu, na kelele inafunika maelezo ya mwongozaji.

Kabla ya kurudi nenda kwenye hekalu la kumbukumbu la Ben Duoc, ambalo mabasi ya Ben Dinh hayafiki. Vua viatu na kofia, nyamaza. Kutani kumechongwa majina zaidi ya 44,000 kwa herufi za dhahabu, ya waliokufa Saigon na maeneo yanayoizunguka wakipigana na Wafaransa, na ya waliokufa wakipigana na Wamarekani. Yote yako chini ya paa moja.